Shujaa Aliyebeba Pombe ya Ndizi

Ndugu msomaji, naanza na aibu yangu mwenyewe, usije ukadhani nimekuja kukufundisha. Mimi sijachapa kitabu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kusukuma siku, na tangu hapo nauza mifuko na kamba kwa wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Usiku naandika. Kwa miaka miwili nilijaza kaunta buku tatu kwa riwaya moja tu, na riwaya yenyewe ilikuwa juu ya MV Bukoba.

Nadhani kila kijana wa Mwanza anayeshika kalamu hupitia hapo. Meli ile ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, Mwanza ikiwa si mbali tena, na watu zaidi ya 800 walikufa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini pale Igoma walipozikwa wengi wao nimepita mara nyingi, na mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mle melini. Basi nikamfanya shujaa. Nikampa jina la Jabali. Nikampa kifua kipana na sauti nzito. Meli ilipopinduka, Jabali akaogelea, akaokoa watu kumi na wawili mmoja baada ya mwingine, wa kumi na tatu akiwa mtoto mchanga, ndipo maji yakamchukua huku jua likichomoza nyuma ya mawe. (Saa ile jua lilikuwa limeshachomoza zamani. Sikujali.)

Jumapili moja nikawasomea wenzangu sura hiyo. Tuko sita, tunakutana chini ya mwembe, kila mtu na daftari lake. Nilisoma kwa hisia, hata sauti ikanikatika mahali. Nilipomaliza, kimya. Halafu mmoja wetu, binti ambaye huwa hana maneno mengi, akasema, "Huyu jamaa hata akifa, freshi tu."

Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikamsomea mama, nikijua yeye atalia. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Baba, huyo ni nani?"

"Ni mjomba, mama."

"Kaka yangu hakujua kuogelea."

Kisha akanipa kisa ambacho sijawahi kukisikia. Walikuwa wanapanga chumba kimoja Mabatini, mama na kaka yake, ufunguo mmoja. Jioni aliyosafiri kwenda Bukoba kununua maharage, mjomba alifika bandarini akagundua ufunguo uko mfukoni mwake. Mama alikuwa bado sokoni, na angerudi usiku akute mlango umefungwa. Mjomba akaondoka bandarini, akarudi kwa miguu mpaka Mabatini, akauacha ufunguo kwa jirani, akageuka tena kuiwahi meli. Akaiwahi. Ndiyo safari ambayo hakurudi nayo.

Mama alisimulia hayo huku mikono ikiendelea na mchele. Mimi ndiye niliyelia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja, na makala hii ni matokeo ya kulitafutia jibu kwenye historia ya wasimulizi wa ziwa letu. Kwa nini kurasa arobaini za Jabali akipasua mawimbi hazikumgusa mtu, na ufunguo mmoja ukamgusa? Shuleni tulifundishwa kuchambua wahusika. Kuna mhusika mkuu na mhusika msaidizi, kuna mhusika bapa na mhusika duara, halafu unaandika sifa zake: ana msimamo, ana upendo, ni jasiri. Unapata alama zako. Lakini hakuna aliyetuambia ni mahali gani hasa kwenye hadithi msomaji anapoamua kwamba mtu huyu wa kubuni sasa ni ndugu yake, na akipata shida itamuuma.

Hebu tuanze na wazee. Wasukuma wana kisa cha Masala Kulangwa, na kama ulikulia huku huenda bibi alikusimulia. Zimwi liitwalo Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalimika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akauliza, watu wengine wako wapi? Akaambiwa. Akaanza kulitafuta zimwi, mwishowe akalipata, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai, baba yake akiwa miongoni mwao.

Msimulizi mvivu angeishia hapo. Zimwi limekufa, watu wamepona, ngoma ipigwe. Lakini kisa kinaendelea. Katika kulipasua lile tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi yule hakushukuru. Alikasirika na kutaka kumloga kijana. Na Masala Kulangwa, aliyekwisha kuua zimwi lililowashinda watu wote, ikabidi atafute dawa amtibu bibi sikio. Baada ya hapo ndipo watu wakamfanya mtemi wao.

Nimekisikia kisa hiki tangu utotoni, na siku zote nilidhani sikio ni kichekesho kilichowekwa ili watoto wasisinzie. Sasa naona nilikosea. Zimwi linatuambia kijana ana nguvu, lakini nguvu hata tembo anazo. Sikio ndilo linalotuonyesha ni mtu wa namna gani: kumbe ushindi haujamlevya, na anaweza kusimama katikati ya sherehe yake mwenyewe akashughulika na lawama ya kikongwe. Angalia pia mpangilio. Wazee hawakumpa utemi mara tu baada ya zimwi, walimpa baada ya sikio.

Kutoka kwenye hadithi za mdomo natoka, naingia kwenye kitabu. Na kitabu chenyewe kiliandikwa ng'ambo ya hapo tu, Ukerewe, kisiwa tunachokwenda kwa meli asubuhi na kurudi tukipenda.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa. Alisomeshwa na wamisionari, akapelekwa seminari ya Rubya upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na lugha nyingine, lakini hakuwa padri. Alirudi kwao, akaoa mwanamke aitwaye Anna, akafanya kazi zake huku akikusanya mila na simulizi za watu wake. Mwaka 1945 akamaliza mswada mkubwa wa riwaya kwa lugha ya Kikerewe. Soma tena hapo: Kikerewe. Hakuandika Kiingereza wala Kiswahili. Aliona vijana wanasahau lugha na desturi za wazee, akataka viwepo mahali.

Mswada ukakaa. Mmisionari mmoja aliupenda na kutaka utolewe kwa Kifaransa, akafariki kabla haujatoka. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Ukerewe mwanahistoria wa Kimarekani, Gerald Hartwig, pamoja na mkewe Charlotte, wakamkuta mzee na mswada wake. Kikerewe hakikuwa na mchapishaji, basi Kitereza mwenyewe, akiwa mzee, akaketi akautafsiri wote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Uchapaji ulifanyika China. Kitereza alifariki mwaka 1981, na inasimuliwa kwamba nakala zilimkuta ameshakwenda. Miaka 35 ya kungoja, halafu hivyo. Mwenzangu unayelalamika kwamba mhariri hajakujibu mwezi wa pili sasa, hapo nilitaka tukae kimya kidogo.

Sasa riwaya yenyewe. Hadithi ni ya Ukerewe ya kabla ya Wazungu kufika. Myombekere na Bugonoka wameoana na wanapendana, ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno: mke huyu ni tasa, oa mwingine, utakufa bila jina. Maneno yanakuwa matusi. Wazazi wa Bugonoka wanapata habari, wanaona binti yao anadhalilishwa, wanamchukua arudi kwao. Myombekere anabaki peke yake kwenye mji wake, katika jamii ambayo mwanamume bila mke hata chakula ni taabu.

Simama hapa, wewe mwandishi. Ungefanya nini na mhusika huyu? Najua mimi ningefanya nini. Ningempa mkuki. Ningeleta vita vya koo mbili, au mamba, au simba aingie kijijini, Myombekere amuue simba na Bugonoka amwone kwa mbali akiua. Hapo ndipo ningesema nimemjenga shujaa.

Kitereza alimpa miguu tu. Myombekere anakwenda kwa wakwe zake kumwomba mke wake. Anakwenda kama mkwe anavyopaswa kwenda, kwa adabu, akijua atasemwa. Na anasemwa. Kosa la ndugu zake analibeba yeye. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi, na mpaka ailete mke haondoki. Basi mwanamume huyu, ambaye ukoo mzima unamwambia oa mwingine mambo yaishe, anarudi kutafuta ndizi. Pombe ya ndizi haipatikani kwa kupiga magoti. Inataka mikungu iliyokomaa, iivishwe, ikamuliwe, ichachushwe, inataka vyombo na watu wa kusaidia, kisha ibebwe mpaka kwa wakwe bila kumwagika. Kitereza haruki hata hatua moja. Anaeleza kama mtu anayekufundisha ili kesho ukapike mwenyewe.

Nilipoanza kusoma sehemu hizo niliona zinachosha. Nasema ukweli. Nilikuwa nimezoea Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, ambaye kufikia ukurasa wa kumi ameshanusurika risasi. Musiba namheshimu sana, *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974 niliisoma usiku mmoja, na atakayesema hakuisoma kwa raha hiyo ni mwongo. Lakini nimegundua kitu. Willy Gamba sijawahi kumwonea huruma. Namshangilia, kama ninavyoshangilia timu. Myombekere, nilipofika mahali pombe iko tayari na safari inaanza, nilijikuta nashika ukurasa kwa vidole viwili, naogopa chombo kisianguke. Naogopa chombo cha pombe! Ni kwa sababu nilikuwa nimeivisha zile ndizi pamoja naye. Nilijua gharama yake.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kwanza la swali langu. Tendo la mhusika halipimwi kwa ukubwa wa hatari. Linapimwa kwa kile anachokubali kupoteza, na msomaji lazima awe ameonyeshwa bei mapema. Myombekere anapoteza heshima mbele ya ukoo wake, maana wanaume wenzake wanamwona kama ametawaliwa na mke asiyezaa. Anapoteza muda, mali na jasho. Na lililo zito zaidi, hana ahadi ya kupata mtoto. Anamtaka Bugonoka awe na mtoto au asiwe naye. Watoto wanakuja baadaye sana, baada ya waganga na dawa nyingi, lakini shujaa alishapatikana kabla ya mganga. Kama Kitereza angeanza na mtoto halafu ndiyo mume amfuate mke, hadithi ingekuwa ileile kwa matukio, lakini Myombekere angekuwa mtu wa kawaida anayefuata faida yake.

Na kuna jambo ambalo ukilijua, kitabu kinabadilika mikononi. Kitereza na mkewe Anna hawakubahatika kukuza watoto, waliowazaa hawakuishi. Walizeeka wawili. Sitaki kusema kwamba riwaya ni maisha yake, maana hilo ni kosa ambalo walimu wetu walitukanya, na Ukerewe ya kwenye kitabu ni ya zamani kuliko yeye. Ila mtu aliyeandika jinsi nyumba inavyokuwa bila sauti ya mtoto, na jinsi ndugu wanavyoingilia, hakuhitaji kusimuliwa.

Niseme pia nisichokipenda. Baada ya watoto kuzaliwa, riwaya inapanuka mno, mila moja inavuta nyingine, na kuna kurasa ambapo wahusika wanasimama ili desturi ipite. Ndivyo alivyotaka mwenyewe, alikuwa anaokoa vitu visipotee. Lakini sisi tusiige hilo kwa kisingizio chake. Yeye alikuwa na kazi ya kuhifadhi dunia nzima. Wewe una kisa cha kurasa mia mbili.

Ukidhani labda mambo haya ni ya huku kwetu tu, nenda kwa Wagiriki wa kale. Homer alitunga utenzi mrefu wa vita vya Troy, umejaa wanaume wanaorushiana mikuki mpaka unachoka. Lakini yupo Hector, mtetezi wa mji. Kabla hajarudi vitani anakutana na mkewe na mtoto wao mchanga, anataka kumbeba mtoto, mtoto analia kwa kuogopa kofia ya chuma yenye manyoya juu. Hector anacheka, anaivua kofia, anaiweka chini, ndipo anambeba. Basi. Hector anapouawa mbele huko, unayemlilia ni yule aliyevua kofia. Aliyetunga hilo na aliyetunga sikio la bibi kizee hawakuwahi kuonana, lakini wangeelewana haraka.

Turudi Ukerewe, maana kisiwa hakijatumaliza. Kijijini Namagondo mwaka 1944 alizaliwa Euphrase Kezilahabi, na mwaka 1971 alitoa *Rosa Mistika*, riwaya iliyopigwa marufuku mashuleni kwa muda, jambo lililoifanya isomwe zaidi. Kezilahabi alikwenda njia ya pili kabisa. Yeye hakutafuta mashujaa, tena nadhani neno lenyewe alilitilia shaka. Zakaria, baba yake Rosa, mlevi, anaikamata barua ambayo Charles, kijana wa shule, amemwandikia binti yake, na anampiga Rosa vibaya mno kwa ajili yake. Hapo Rosa hafanyi tendo lolote la kishujaa. Anapigwa tu. Na bado tangu ukurasa huo tumefungwa naye, tunamfuata mpaka mwisho wake mbaya, hata anapofanya mambo ambayo hatuyakubali.

Jambo hili lilinisumbua, maana lilitaka kuvunja jibu langu la kwanza. Kama bei anayokubali mhusika ndiyo inayotufunga naye, Rosa amelipa nini pale? Nimelifikiria sana, hata nikiwa nafunga mifuko. Nadhani Kezilahabi anatuonyesha upande wa pili wa kitu kilekile. Kwa Myombekere tunaona mtu akichagua. Kwa Rosa tunaona siku ambayo uwezo wa kuchagua unanyang'anywa, na kwa sababu tuliishuhudia siku hiyo, kila uchaguzi wake mbaya wa baadaye tunaukumbuka ulikotoka. Siku inayomfanya mtu awe alivyo si lazima iwe siku ya ushindi wake. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na sijui kama kuna mwandishi wetu aliyewaonea huruma wahusika wake kwa ukali namna ile.

Sasa mfano wa mwisho, na huu haukubuniwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikijaribu kutua. Ilikuwa na watu 43. Watu 24 waliokoka, 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, akawa jina la nchi nzima kwa siku chache. Alipewa shilingi milioni moja na nafasi ya kazi kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji. Sote tulisikia habari ya mlango uliofunguliwa kwa kasia. Ndiyo sehemu ya Jabali hiyo, ndiyo iliyorudiwa redioni.

Lakini kwenye maelezo aliyowapa waandishi wa habari kuna sehemu nyingine. Anasema baada ya kusaidia kwenye mlango alikwenda upande wa mbele, akazama, akamwona rubani kupitia kioo, wakaongea kwa ishara. Rubani akamwonyesha avunje kioo. Akapanda juu akapewa shoka, kisha akazuiwa, akaambiwa marubani wanawasiliana na watu wa uokoaji. Akazama tena, akampungia rubani mkono wa kwaheri. Na rubani akamwonyesha kwamba hapana, bado anataka kuokolewa, akamwelekeza kwenye mlango wa dharura. Kijana akapanda, akatafuta kamba, wakaivuta, kamba ikakatika ikampiga usoni, akazimia, akazindukia hospitali.

Hakufanikiwa. Kama ni hesabu, sehemu hiyo ni sifuri. Lakini mimi nikimfikiria yule kijana simfikirii akiwa na kasia. Namfikiria chini ya maji, mbele ya kioo, mkono umeinuka kuaga, na mtu wa ndani anakataa kuagwa. Angeweza kuondoka, maana ameshazuiwa na watu wakubwa wa nchi kavu, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaenda kutafuta kamba. Ukiniambia niandike riwaya ya kijana huyo, mlango utapata aya moja na kioo kitapata sura nzima.

Na hapo nikaona nilivyoikosea MV Bukoba. Kwenye historia ya meli ile kuna jambo linalojulikana sana: wakati meli imepinduka na inaelea, na watu wakiwa hai ndani wakigonga, waokoaji walitoboa tumbo lake ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikazama zaidi. Watu walikuwa wanataka kuokoa. Mimi nililijua jambo hilo nikaliacha nje ya riwaya kwa sababu halikumfaa Jabali. Nilikuwa na janga zima la kweli mkononi, lenye mikono iliyotetemeka, nikaliweka kando ili nipate nafasi ya kifua kipana.

Kaunta buku zile sijazichoma, kuna mtu aliniambia waandishi huchoma, lakini daftari siku hizi ni ghali. Nimezigeuza, naandika upande wa nyuma. Jina la Jabali nimelifuta. Riwaya sasa inaanzia bandarini, jioni, mtu amesimama kwenye foleni anajipapasa mfuko wa suruali. Sijui itakuwaje mbele. Hilo la kuzama lenyewe sijaamua kama nitaliandika, au nitaishia kwa dada yake akifungua mlango usiku kwa ufunguo wa kwa jirani bila kujua ulifikaje.

Wiki iliyopita nilimsomea mama kurasa tatu za mwanzo. Safari hii aliuweka ungo chini. Nilipofika mahali mjomba anageuka Mabatini na kukimbia kuiwahi meli, akanyosha mkono.

"Hakukimbia," akasema. "Alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vilikuwa vinambana. Andika alitembea."